Waliobaki na Jina la Remeyo

Moraa mwanangu,

Sasa hivi umelikata sanduku lako la shule kwa panga. Hukulikata ovyo kama mtu anayepasua kuni. Umeliegemeza ukutani, ukashika panga kwa mikono miwili, ukashuka nalo juu ya jina la pili, lile fundi aliloandika kwa rangi nyeupe baada ya Moraa, ukarudia, ukarudia tena, mpaka vibanzi vikaruka hadi mlangoni na kuku wakatawanyika. Halafu ukamgeukia Osebe, aliyekuwa bado amesimama nje ya ua baada ya kukutania, ukamwambia, "Haya, limekufa. Umefurahi?" Osebe hakucheka. Ameinamisha kichwa akaenda zake. Na wewe umetupa panga kwenye majani ya ndizi, ukakimbilia jikoni kwa bibi yako bila kuniangalia, na mvua ikaanza.

Mimi nimebaki na sanduku. Nimeliingiza ndani, nimelifuta, nimekaa mezani. Habari za sabuni, za kufua, za kumaliza kazi zako Ijumaa kabla jua halijazama, nimekwambia wiki nzima mpaka unanitania, kwa hiyo hizo siziandiki.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kushikia kalamu kule kwetu Manga, kabla ng'ombe hawajanitoa shuleni. Kigusii changu ni cha mdomo, nikikiweka kwenye karatasi kinanikimbia. Na mdomo leo siuamini. Nikianza kukueleza nitalia, na wewe ukiniona nalia utakubali kila kitu ili ninyamaze, halafu kesho utaondoka na jina ulilolibeba kwa kunihurumia. Sitaki hivyo. Kesho mwalimu atakuuliza, "Unaitwa nani?" na hilo utakalotamka ndilo litakalokwenda na wewe kwenye mitihani, kwenye kazi, mpaka kwenye msalaba wa kaburi lako. Mimi sitakuwapo. Nataka ujue jina hili limetoka wapi, halafu uamue mwenyewe.

Osebe amekwambia ni jina la adui, ati unakwenda kusoma ukiwa umevaa jina la mtu aliyechomwa mkuki na mzee wako mwenyewe. Mwanangu, hakusema uongo. Mimi ndiye niliyekuwa nakudanganya. Kila ulipouliza nilikujibu, "Ni jina la zamani tu, kama majina mengine." Nilidhani nakufunika shuka. Kumbe nilikuwa nakuacha wazi, wa kwanza kukupiga akupate mbavuni.

Hivi ndivyo bibi yako alivyoambiwa na mama mkwe wake. Babu wa mume wake alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe wakachukuliwa na watu wa ng'ambo ya mto. Nani alianza siku hizo, usiulize, kila upande una hesabu yake, na zote mbili ni za kweli. Mzee akawafuata na vijana wenzake hadi mtoni. Waliochukua ng'ombe walikuwa wameshavuka. Mmoja tu alikuwa amebaki nyuma, ameteleza kwenye mawe, mguu umevunjika, yuko nusu majini. Mzee wetu akamchoma mkuki tumboni. Sasa yule mtu akaushika mti wa mkuki kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia. Akamtazama mzee usoni, akasema neno moja. Akalisema tena. "Remeyo. Remeyo." Alikuwa anataja jina lake, kama mtu anayejitambulisha mlangoni kwa watu. Akaendelea kulitaja mpaka sauti ikawa povu. Mzee ilibidi amkanyage kifua ili mkuki utoke.

Akarudi nyumbani, akaimbiwa kama wanavyoimbiwa wanaume. Lakini mtoto wake wa kwanza akafa. Wa pili akafa akiwa ameanza kutambaa. Akaenda kwa mwaguzi, na mwaguzi akamwambia, "Kuna mtu amesimama mlangoni kwako siku nyingi, na wewe humfungulii." Unajua desturi yetu: mtoto akizaliwa hupewa jina la aliyekufa, ili aliyekufa apate pa kukaa. Lakini ni wafu wetu, si wafu wao! Ndugu zake walimjia juu. "Utamwita mwanao kwa jina la yule? Utaleta chui alale na mbuzi?" Mtoto wa tatu alipozaliwa, mzee akambeba, akatoka naye nje, akamwita Remeyo. Na huyo akaishi.

Mchungaji wetu anasema wafu hawajui neno lolote, wamelala tu mpaka siku ya mwisho. Mimi namwamini. Lakini najua pia kwamba mtu aliyeua kwa mkono wake akamlea mwanawe maisha yake yote, kila asubuhi akiita jina la yule aliyemkanyaga kifua: Remeyo, lete maji, Remeyo, njoo ule. Hiyo si hadithi ya uchawi. Hiyo ni kazi. Sijui wanaume wangapi wangeiweza.

Huyo Remeyo wetu wa kwanza alizaa wana wawili, wakabeba jina lake. Wa kwanza ndiye mume wa bibi yako. Wa pili ndiye baba yake Osebe. Kwa hiyo unaona, Osebe ni Remeyo kama wewe. Hilo hakukwambia.

Mwaka ule mpaka ulipowaka, kabla ya bendera kupandishwa, watu wa ng'ambo walikuja asubuhi, ukungu bado uko bondeni. Bibi yako alikuwa kisimani. Mume wake na kijana wake mkubwa walikuwa zizini wanakamua. Walikufa na vibuyu mkononi. Maziwa na damu vilitiririka pamoja kwenye mteremko, ndivyo bibi yako anavyosema, na akisema hivyo huangalia pembeni. Kijana wake mdogo, Osoro, alipanda kwenye ghala la wimbi akajificha. Wakalitia moto ghala. Bibi yako alifika na mtungi wake kichwani, akamwaga maji yale, mtungi mmoja wa maji juu ya ghala zima. Tangu siku hiyo hajaweza kula uji wa wimbi. Usimuulize kwa nini siku ya Sabato hula viazi wakati sisi tunakula uji.

Hukumwona Osoro, na mimi sikumwona. Lakini Osoro ndiye mume wangu, na ndiye baba yako.

Siku ile ile, kabla makaa hayajapoa, baba yake Osebe alikimbia hadi sokoni kuomba watu wa kusaidia kuzika. Soko lilikuwa limejaa hasira. Watu walikuwa na marungu, wanatafuta wa kumpiga, na wa kumpiga hayupo, ameshavuka mto. Mtu mmoja mgeni akamuuliza, "Wewe ni nani?" Akajibu kama alivyojibu maisha yake yote, "Mimi ni wa Remeyo." "Remeyo? Hilo si jina la huko kwao?" Akajaribu kueleza. Mwanangu, umati hausikilizi maelezo marefu. Alipigwa na watu wetu, watu wa lugha yetu, wenye mashamba yaliyopakana na yetu, siku ambayo ndugu yake aliuawa na watu wa ng'ambo. Osebe alikuwa kijana mdogo, ameshika koti la baba yake. Koti likabaki mkononi mwake. Mtu akamuinamia akamuuliza, "Na wewe? Unaitwa nani?" Akataja jina la upande wa mama yake. Wakamwacha. Tangu siku hiyo hajataja lile jingine, wala ndugu yake hajalitaja, wala watoto wao hawajui kwamba ni lao.

Ndiyo maana jina letu ni haba. Walioitwa jina hilo wakiwa hai, nusu waliuawa na wale, mmoja aliuawa na hawa, na waliobaki walilivua wakalitupa ili waishi. Siwalaumu.

Akabaki bibi yako, mwanamke mmoja, na zizi lenye ng'ombe waliorudishwa baadaye, na shamba. Hakuna mwana. Kwetu mwanamke wa namna hiyo anaruhusiwa kutoa ng'ombe na kumwolea mke marehemu mwanawe, na watoto wa mkaza mwana huyo huitwa kwa jina la marehemu. Ng'ombe wakapanda kilima hadi Manga, kwa baba yangu. Mimi nilikuwa darasa la nne. Nilitoka shuleni nikakuta wanaume wamekaa uani.

Baba akaniambia, "Umeolewa."

"Na nani?"

"Na Osoro wa Remeyo."

"Yuko wapi?"

Baba akakuna shingo. "Amezikwa," akasema.

Wasichana wenzangu walinicheka mpaka wakakaa chini. "Kerubo, mume wako analala upande gani wa kitanda?" "Heri yako, huyo hatakupiga!" "Usisahau kumwachia chakula!" Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikaa kwa bibi yako muda mfupi, nikatoroka. Baba akanirudisha. Nikatoroka tena, nikijiambia nimeolewa na kaburi na mwanamke kichaa.

Safari hiyo baba hakunirudisha. Bibi yako alikuja mwenyewe, kwa miguu, akapanda ule mlima na viatu vyake mkononi ili visiharibike. Nilimwona toka mbali nikajua atadai ng'ombe wake. Hakuwadai. Alikaa chini karibu na mimi nikipukuchua mahindi, akaanza kupukuchua naye. Baada ya muda akasema, bila mtu kumuuliza, "Osoro alikuwa mwizi wa ndizi. Alizificha kwenye majivu ziive, halafu ukimuuliza anakana, mdomo umejaa, mashavu hivi." Akayajaza mashavu yake hewa. Nikacheka. Sikutaka kucheka. Akaniambia nyingine, jinsi alivyomwogopa jogoo mmoja mwekundu hata baada ya kutahiriwa. Tukamaliza mahindi yote. Nikaona kwamba mtu huyu amekuwa akitembea na mtoto wake kifuani na hana wa kumwonyesha. Nikasimama nikachukua kanga yangu. Nilimjua mume wangu njiani, kati ya Manga na hapa, kwa mdomo wa mama yake. Wanawake wengine huwajua waume wao baada ya miaka ishirini, na wengine hawawajui kabisa.

Mtu aliyenisaidia kukupata unamfahamu, mnasalimiana mkikutana. Ni mtu mwema. Lakini kwa desturi yeye hana mtoto hapa, na yeye mwenyewe anajua, na hajawahi kuvuka mpaka huo. Wewe ulipozaliwa watu walisema, "Mwanamke ameoa mwanamke, akazaliwa mwanamke!" Bibi yako akawajibu kutoka mlangoni, "Nilizaa wanaume, mkuki ukawala. Huyu niachieni."

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Ulikuwa unanyonya bado. Wapimaji wa mashamba walikuwa wamefika kijiji cha pili na kamba zao, kila mtu ameshikwa na homa ya mipaka. Mchana mmoja Osebe na ndugu yake walikuja na mapanga. Walisema nyumba hii haina mwanamume na jina lake halina watu, shamba ni la ukoo, tuondoke kabla ya kamba kufika. Bibi yako akasimama mlangoni. Ndugu yake Osebe alikuwa amelewa, akainua panga, nadhani alitaka kutisha tu. Bibi yako akalidaka. Akalidaka hivi, kwa makali, kwa mkono mtupu, na hakuachia, na yule akavuta. Vidole viwili vikabaki pale kwenye kizingiti.

Tulikwambia alijikata akikata majani ya ng'ombe. Huo ni uongo mwingine, usamehe.

Ndugu yake alipoona vidole, pombe ilimtoka, akakimbia. Osebe hakukimbia, alisimama tu ameduwaa, panga limening'inia mkononi. Mimi nilikuwa kwenye jiwe la kusagia, wewe mgongoni. Nikainua lile jiwe dogo la mkononi, nikampiga nalo upande wa kichwa. Akaanguka. Nikapiga tena, sikioni. Damu ikatoka ndani ya sikio. Ndiyo sababu mtu akimwita Osebe kwa upande wa kushoto hageuki. Watu wanasema ana kiburi. Nikainua jiwe mara nyingine, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize: sikuwa naogopa tena. Yeye alikuwa chini, hana nguvu, anashika hewa. Hatari ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nataka kuendelea kwa sababu ilikuwa tamu. Kila kicheko cha Manga, kila mtu aliyesema nimeolewa na maiti, wote walikuwa kwenye kichwa kile. Mikono yangu ilikuwa mepesi kama ya mtu anayecheza ngoma.

Bibi yako akanishika mkono kwa ule mkono wake wa damu. Hakupiga kelele. Akasema, "Basi, Kerubo. Ukimuua, itabidi umzae."

Nikamwangalia.

"Utamzaa," akasema, "utamnyonyesha, utamwita jina lake asubuhi na jioni mpaka ufe. Nyumba hii inajua kazi hiyo. Unaiweza?"

Jiwe likaniangukia mguuni. Ukucha ule mbaya unaonicheka nao ndio huo.

Tukamfunga Osebe kichwa kwa kitambaa kile kile tulichochana kumfungia bibi yako mkono. Nusu yake, nusu yake.

Baadaye wazee wakakaa kuamua shamba. Mimi nilijua tumeshindwa, wanawake wawili na mtoto wa kike. Mzee mmoja akamgeukia Osebe akamuuliza swali dogo tu: "Wewe ni wa nyumba gani?" Maana angesema tu, "Mimi ni wa Remeyo," angekuwa mrithi, mwanamume pekee aliyebaki wa nyumba hiyo, ukimwacha ndugu yake mlevi. Alikuwa na haki. Kila mtu pale alijua. Osebe akafungua kinywa. Akafunga. Akaangalia watu waliosimama nyuma yake, mmoja mmoja, kama anayetafuta nani ameshika rungu. Mtu mzima, mwanangu, mwenye ndevu. Mwisho akasema lile jina la upande wa mama yake, kwa sauti ya mtoto. Wazee wakasema, "Basi, shamba ni la nyumba ya Remeyo," na watu wakatupongeza. Mimi nilishindwa kufurahi. Nilikuwa nimepiga kichwa cha mtu kilichokuwa kimeshapigwa zamani.

Kwa hiyo leo aliposimama nje ya ua akakutania kwa jina hilo, mimi nilisikia kitu ambacho wewe hukusikia. Tangu siku ile ya sokoni hakuna aliyemsikia akilitamka. Leo amelitamka. Kwa ubaya, ndiyo, lakini limetoka mdomoni mwake na hakuna aliyempiga. Ila wewe ukachukua panga.

Nilipokuona umelishika nilijiona mimi na lile jiwe. Mabega yale yale. Hasira hiyo umeinyonya kwangu, sikulaumu. Ninachokuomba ujue ni ile ladha yake tu. Siku utakapoisikia kuwa tamu, jua hatari imekwisha zamani na sasa hatari ni wewe.

Nikuambie na cha kuchekesha, maana nakusikia ukivuta kamasi huko jikoni. Mwaka wa kuhesabiwa watu alikuja hapa kijana mwalimu, kaptula imenyooshwa, kalamu sikioni. Wewe ulikuwa umelala. Akauliza, "Mkuu wa nyumba hii nani?"

Bibi yako akasema, "Osoro wa Remeyo."

"Ameenda wapi?"

"Yuko pale." Akaonyesha migomba iliyo juu ya kaburi.

Kijana akatazama migomba. "Bibi, namaanisha aliyelala hapa usiku wa jana."

"Analala hapa kila usiku. Hajawahi kutoka. Si kama wanaume wengine wa kijiji hiki, ukitaka nikutajie majina."

"Bibi, serikali haihesabu marehemu."

"Basi andika wewe, msomi: huyu ni mkaza mwana wangu, na huyu ni mtoto wake. Mkaza mwana wa mwana gani? Mtoto wa nani? Ukimtoa Osoro, sisi tumetoka wapi? Tumeota kama uyoga?"

Kijana akakuna kichwa na kalamu. Nikamhurumia, nikamletea ndizi. Akala, akatuandika watatu: ajuza, mimi, wewe. Bibi yako akasema, "Wanne." Akasema, "Watatu, bibi." "Wanne." Mpaka alipofika njiani bado bibi yako anamwita, "Wanne, kijana!" Lakini kabla ya kuondoka aliniambia jambo. Alisema ametembea kila nyumba kutoka hapa hadi barabara ya Nyamache, na wenzake wako kila kilima, na wakikutana jioni husomeana majina ya ajabu wapate kucheka. "Hili lenu," akasema, "hakuna aliyelikuta pengine popote. Nimeuliza hata aliyehesabu huko Kenyenya. Kama kuna wengine, wako ng'ambo ya mto, na huko sisi hatuhesabu." Alisema kwa mshangao, kama mtu aliyeokota yai la ndege asiyemjua.

Nilikaa na maneno hayo. Watatu, au wanne. Halafu nikafikiri jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nimelifikiri mwenyewe nikichuma chai. Osebe anasema si jina la damu yetu. Ni kweli. Lakini hebu hesabu wote waliolibeba. Remeyo wa kwanza alikuwa mtoto wa aliyeua. Bibi yako aliletwa hapa na ng'ombe, akalikuta. Mimi nilitolewa darasani. Wewe umezaliwa baada ya baba yako kufa. Hakuna hata mmoja wetu aliyelipata kwa damu ya mwenyewe. Mwenyewe damu yake ilikwenda na mto. Sisi wote tumelibeba kwa sababu mtu fulani alikataa kuacha jina la mtu lianguke majini, na baada yake mwingine akakataa, na baada yake mwingine. Uzuri wake ni huo tu, mwanangu. Halina uzuri mwingine. Halina ng'ombe, halina chifu, halina hata maana, nimewauliza wanaojua lugha ya kule na kila mmoja ananiambia lake.

Ukilivua, sitakukasirikia. Nasema kweli. Osebe alilivua akaishi, na kama angelisema lile jina akiwa ameshika koti lile, leo asingekuwa na watoto. Kuishi ni kuzuri. Kama kule shuleni kuna wasichana wa ng'ambo, na unaogopa, au wa hapa kwetu, na unaona haya, mwambie mwalimu jina jingine, hata la upande wangu wa Manga, baba yangu atafurahi, ananidai kicheko cha siku nyingi. Utakuwa Moraa yule yule, na nitakuja siku ya wazazi na ndizi, na nitakuulizia kwa jina hilo jipya langoni. Ila usilivue kwa hasira, kwa kuwa mtu amekucheka. Kama ni kulitua, litue chini polepole, kama mtu anayetua mtungi wenye maji.

Na ukilibeba, usilibebe kwa ajili ya bibi yako. Yeye amebeba vya kutosha kwa watu wote. Wala usilibebe kunilipa mimi, mimi sikudai. Nilitaka tu ujue uzito wake kabla hujaliweka kichwani.

Mvua imepungua. Sasa nakusikieni vizuri, ukuta wa jikoni ni mwembamba. Kumbe bibi yako naye amekuwa akikuhadithia muda wote huu, ninyi wawili na mimi tumekuwa mtoni pamoja bila kujua. Amefika kwenye mkuki. Sauti yake imeshuka. Wewe hulii tena. Nilifikiri utasema, "Na mimi hilo jina silitaki," nimejikaza kulisikia.

Umemuuliza bibi yako, "Magokoro, na yule mtu alikuwa na mama?"

Umeongeza:

"Kule kwao. Alikuwa na mama? Kuna mtu alivuka kwenda kumwambia?"

Mwanangu. Miaka yote niliyokaa hapa, nimesikia habari hii tangu nikiwa na umri wako, nimeisikia nikipukuchua, nikipika, nikikunyonyesha, sijawahi kuuliza hilo. Bibi yako, ambaye alimwaga mtungi wake juu ya moto, naye hajawahi kuuliza. Sasa amekohoa. Sasa ananiita, "Kerubo! Kerubo, njoo. Mtoto wako ananiuliza kitu, na mimi—" Sauti yake si ya kawaida, Moraa, inaonekana umemgusa mahali ambapo hata mapanga hayakufika. Naja, naja. Nikirudi nitamalizia. Nilitaka tu kukwambia kwamba kesho, mwalimu akikuuliza, na wewe ukiwa umesimama pale mbele ya wenzako, mimi nadhani uta—